Wamepunguza Utambi

Mama yangu hakujua Kihindi, na kwa miaka mingi ndiye aliyekuwa mkalimani wa Kihindi wa safu nzima kule nyuma ya jumba la sinema. Siku ya onyesho la akina mama, wanawake wa mtaa wetu wa Chemchem na mitaa ya jirani waligombania kukaa karibu naye, kwa sababu picha ikianza tu, naye alianza. "Huyu anamwambia baba yake hataki kuolewa na huyo mwenye masharubu. Baba anasema, basi utanitoa roho." Maneno machache aliyaokota kwa wanawake wa Kihindi aliowashonea blauzi, na mengine yote aliyapata kwenye nyuso, kwenye mikono na kwenye namna mtu anavyofunga mlango. Siku moja mke wa muuza vitambaa, aliyekuwa amekaa nyuma yetu, alimgusa bega wakati wa mapumziko akamwambia, "Dada, hawakusema hivyo hata kidogo. Lakini endelea, yako ni tamu zaidi." Mama alilichukua neno hilo kama cheti, na akalitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Inabidi nieleze hilo onyesho la akina mama, maana wajukuu zangu wakisikia hucheka. Alasiri moja katikati ya wiki, vyombo vya chakula cha mchana vikishaoshwa, jumba la sinema lilifungwa kwa wanaume. Mwanamume pekee ndani alikuwa mwendesha mashine, na yeye alijifungia huko juu kwenye chumba chake. Mabaibui yalivuliwa yakakunjwa mapajani, watoto walinyonyeshwa, karanga zilibanguliwa, na watu walilia kwa sauti bila kuona haya. Nimehudhuria misiba mingi tangu wakati ule, na kilio kama cha picha la Kihindi alasiri ile sijakisikia tena.

Mlangoni alisimama mwenye sinema. Alikuwa mzee wa Kihindi aliyezaliwa hapohapo Tabora, na Kinyamwezi chake kilikuwa safi kuliko changu. Siku ya akina mama alivaa tai. Alimkaribisha kila mwanamke kama amekuja harusini kwake, na mama yangu akifika alimsalimu, "Mwadila, mayo," yaani za mchana, mama, naye mama akamjibu na kumwita kaka. Mimi nilimpa shikamoo yake, akaniitikia marahaba na kuniuliza kama cherehani inanitii. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari, kwa hiyo nilishona na mama barazani kwetu: yeye akikata, mimi nikipiga pindo na vifungo. Nguo nyingi tulizoshona zilitoka kwenye picha. Mteja alisema, "Nataka mkono kama wa yule dada aliyemkimbia mume," na mama alijua ni mkono gani, umeanzia wapi begani na umeishia wapi.

Sitaki kuwa miongoni mwa watu wanaosema zamani kila kitu kilikuwa kizuri, maana nilikuwako na najua tulivyokuwa tukikwangua sufuria. Lakini jumba lile mwanzoni lilikuwa zuri kweli. Mapazia mekundu yalifunguka yenyewe taratibu, na moyo wangu ukafunguka nayo. Skrini ilifuliwa. Viti havikulia. Picha zilitufikia kwa treni, zikifuata njia ileile waliyopita wapagazi wa babu zetu, ila wao walitoka huku kwenda pwani na pembe za ndovu mabegani, na picha zilitoka pwani kuja huku ndani ya masanduku ya bati. Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Muda mwingi alikuwa safarini, mara Kaliua, mara Mpanda, lakini akipewa treni ya kutoka Dar es Salaam ndiye aliyetuletea habari: sanduku limefika, liko kwenye behewa lake, na jina la picha limeandikwa ubavuni kwa chaki. Mama alimpakulia baba chakula kingi zaidi siku hizo.

Kisha, kidogo kidogo, mambo yakaanza kupwaya. Ilikuwa miaka ile ya ujamaa, watu wakihamia vijijini, maduka yakibaki na rafu tupu, na sisi tukijifunza kupanga foleni kabla ya kujua foleni ni ya nini. Picha mpya zikawa adimu. Zilizokuja zilikuwa zimeonyeshwa Morogoro na Dodoma na kwingine kote hadi kuchakaa, na mikwaruzo yake ilishuka kwenye skrini toka mwanzo hadi mwisho. Sisi tuliiita mvua. "Leo mvua ni ya masika," akina mama walisema, na waliokwisha kuiona picha kwenye maonyesho mengine tuliwauliza kwanza kama inanyesha sana. Mkanda ulikatika katikati ya wimbo, ukaungwa, na pale palipoungwa wimbo ulipungua ubeti. Akina mama hawakukubali kudhulumiwa beti. Waliuimba wenyewe kwa Kihindi cha kubahatisha, mpaka picha ilipowashwa tena na kuwakuta wamekwishafika mbele.

Siku nyingine mikanda ilipishana zamu, na bibi harusi aliyezikwa tukimlilia akatokea tena mzima, anasukwa nywele. Jumba zima likaanza kuulizana. Mama hakusita hata kidogo. "Hii ni ndoto ya mama mkwe," alisema. "Anaota jinsi alivyomtesa." Safu nzima ikaguna kwa kuridhika, na nina hakika wako wanawake waliokwenda kaburini wakiamini ile ilikuwa ndoto ya mama mkwe.

Kilichoharibika zaidi ni mwanga. Mashine zile hazikutumia balbu. Ndani yake viliwaka vijiti viwili vya kaboni, ncha kwa ncha, kwa moto mkali mweupe kama wa fundi anayechomelea vyuma. Vijiti vilitoka nje ya nchi, na fedha za kigeni zilikuwa za dawa na mafuta, si za kumwangazia mama yangu watu wanaoimba bustanini. Mwendesha mashine alivibana. Alichoma vipande mpaka vikaribie kumuunguza vidole, na akapunguza nguvu ili vidumu. Picha ikawa ya manjano, halafu ya kahawia, na matukio ya usiku ndani ya picha tuliyafuata kwa sauti tu.

Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kulalamika. "Wamepunguza utambi," alisema, kama vile huko juu kuna kandili. Neno likaenea. Baada ya muda mfupi jumba zima lilipaza sauti, "Utambi! Utambi!" kila skrini ilipofifia, na watoto wakalichukua hadi mitaani. Akitoka, mama alisimama mbele ya mwenye sinema na kumweleza. "Kaka, umetuweka gizani leo. Sikuona hata pete." Mzee aliinamisha kichwa na kushika tai yake. "Kweli, mayo. Nisamehe. Nahangaika." Wengine nao walimlaumu, lakini mama hakukosa wiki hata moja, na nilimwona mzee akianza kujiandaa mara mama alipotokea kwenye mlango wa ndani. Nilimhurumia. Nilimhurumia, na bado niliona mama ana haki, maana hata mimi nilikuwa nakodoa macho.

Nyumbani nako vitu vilikuwa vimelegea. Uzi wa siku zile ulikatika ovyo na rangi zake zilifanana. Balbu zilikuwa za shida, na ile moja ya sebuleni ilififia kila jirani alipowasha pasi. Kwa hiyo mama alipoanza kuniambia asubuhi nimtungie sindano nyingi na kuzichomeka kwenye mto, "nisipoteze wakati baadaye," niliona ni busara ya kazi. Alipohamisha cherehani kutoka pembeni mwa baraza na kuiweka ukingoni kabisa, kwenye jua, alisema anataka upepo. Alipolishona gauni la buluu kwa uzi wa kijani, upande mzima, alimlaumu mwenye duka. Nililifumua nyuma ya nyumba nikalishona upya, na nilikuwa namlaumu mwenye duka pamoja naye. Vitu vingi mno vilikuwa vimeharibika kweli. Macho ya mtu yangeweza kujificha humo miaka, na ndivyo yalivyofanya.

Alasiri moja tulikuwa tunatazama picha yenye harusi. Ngoma zilipigwa, watu wakarusha maua, na mama akatangaza kwa furaha, "Huyo, huyo bibi harusi anatoka. Mtazameni alivyotulia." Mwanamke mmoja akacheka. "Wewe, huyo si mjane? Kavaa nyeupe, na anatazama harusi ya mwenzake kwa mbali." Sisi tuliozoea harusi za Wakristo wa mjini tulijua nyeupe ni ya bibi harusi, na mgeni wa picha za Kihindi angekosea hivyo mara ya kwanza. Lakini mama hakuwa mgeni. Yeye ndiye aliyetufundisha sote kwamba kwao nyeupe ni ya kufiwa. Wanawake walicheka kwa upendo, naye akacheka nao. "Wamepunguza utambi," alisema. "Utamjuaje mjane gizani?" Nilicheka pia. Ila mkono wake ulikuwa juu ya goti langu, na ulikuwa umenishika kwa nguvu.

Hapo niseme jambo la bibi yangu, mama yake mama. Alikaa kijijini upande wa Sikonge na alimaliza maisha yake akiwa haoni. Nilipokuwa mdogo tulikwenda kumwona tukapewa asali, na nakumbuka alivyowekwa mlangoni asubuhi na kuondolewa jioni. Walimshikisha kata ya maji mkononi. Walizungumza mbele yake kama hayupo, si kwa ubaya, kwa mazoea tu. Mama alikuwa akirudi kutoka kule hashoni siku nzima. Alikuwa akisema, "Mama alikuwa anasuka vikapu ambavyo watu walitoka mbali kuvifuata." Hakuongeza kitu, na sikujua kwamba ilikuwepo nyongeza.

Sasa nifike kwenye siku ambayo mzee alipata kaboni. Alizipataje, sijui; walisema kuna ndugu yake alizileta ndani ya blanketi. Kilichonishangaza ni kwamba alikuja mwenyewe Chemchem, kwa miguu, na tai yake, hadi barazani kwetu. Alikataa kiti. "Mayo," alisema, "kesho njoo. Nimefua skrini. Kioo cha ndani ya mashine nimekisugua kwa mkono wangu mwenyewe. Miaka hii yote umenisema, na kila ulichosema ni kweli. Kesho nataka uone." Mama aliguswa sana. Alivaa kanga zake za Idi siku ya pili yake, na tulifika mapema.

Taa za jumba zikazimwa, na mwanga ulipogonga skrini wanawake wote walivuta pumzi kwa pamoja, halafu vigelegele vikapasuka mbele hadi nyuma. Sijui niseme nini kuhusu mwanga ule. Mvua ilikuwepo bado, lakini nyuma ya mvua kulikuwa na anga ya buluu kabisa, na sari nyekundu, na jasho kwenye mdomo wa juu wa yule kijana. Niliona pete. Niliona hata kifungo kilichoshonwa vibaya, jicho la fundi halilali. Niligeuka kumtazama mama, kuiona furaha yake.

Alikuwa amechukua pindo la kanga na alikuwa anafuta macho. Hakuwa analia. Alifuta la kulia, akatazama mbele. Akafuta la kushoto, akatazama mbele. Akafuta tena. Mwanga ulikuwa umeujaza uso wake wote, naye alikuwa anautafuta.

"Haya, tuambie," safu ikasema. "Leo hatuna kisingizio."

Mama alianza, kwa sauti ndogo, akifuata masikio. Kisha aliinama kwangu kama anayeniomba karanga. "Kavaa nini?" aliniuliza sikioni.

Nilijua. Nilijua yote kwa mara moja: sindano, upepo wa ukingoni mwa baraza, uzi wa kijani, mjane. Nikamnong'oneza, "Sari nyekundu, pindo la dhahabu. Mkono umefika kwenye kiwiko."

"Mtazameni alivyovaa," mama akaiambia safu. "Nyekundu yenye pindo la dhahabu, na mkono hadi kiwiko. Huyo anakwenda kumwambia kijana ukweli leo."

Tulikwenda hivyo mpaka mwisho. Nilimpa kilichoonekana na yeye akakipa maneno. Nikimwambia, "Mzee kakaa chini," yeye alisema, "Moyo wa mzee umevunjika, magoti yamekataa." Nikimwambia, "Wanatazamana," yeye alinyamaza kidogo, akawaacha watazamane, halafu akasema walichokuwa wanaogopa kusema. Picha haikuwahi kuwa nzuri hivyo. Wanawake walilia mpaka watoto wakaogopa. Nami nililia, nikinong'ona huku kamasi zinanitoka, na kila mtu alidhani nalilia picha.

Mlangoni mzee alikuwa amesimama na mikono nyuma. Alimtazama mama tu, kama mtoto aliyepika kwa mara ya kwanza. Mama alimtafuta kwa sauti ya salamu za watu, akamgeukia, akatabasamu. "Kaka," alisema, "leo nimeona kila kitu." Mzee alifumba macho. Nadhani hakuwahi kupewa zawadi kubwa zaidi ya ile, na ilikuwa uongo.

Njiani mama alinishika mkono. Hatukuwa watu wa kushikana mikono. Tulipita maduka, tukapita pale wanapouza tumbaku, jua likiwa kali bado, na tulipokata kona ya kwetu akaniuliza:

"Na wewe uliona vizuri?"

"Niliona, mama."

"Kote? Mpaka mwisho?"

"Mpaka mwisho."

Alitembea kidogo. "Kumbe ni mimi," alisema.

Nilimpenda kiasi cha kuumia kifua. Akanieleza kwa sauti ileile aliyotumia kuelekeza vipimo: nguo za harusi ya mtaa wa pili zibaki mikononi mwangu, nikate mimi, yeye atapiga mashine kwenye mistari iliyonyooka, na baba asiambiwe mpaka harusi ipite. "Sitaki kuwekwa mlangoni," alisema. Ndiyo mara pekee alipolisema, na lilitoka kavu, kama mtu anayekataa sukari kwenye chai.

Baba aliporudi kutoka Mpanda, na harusi imepita, tulimwambia wote wawili. Alivua kofia yake ya kazi akaiweka juu ya goti. Nilitegemea awe mkali kwa kufichwa. Alichosema ni, "Mimi nilidhani ni ile mashine yao. Nilikwenda nikamgombeza yule mzee stesheni, mbele ya watu, kwamba anamharibia mke wangu macho." Mama alicheka hadi akashika mbavu, na baba naye, na mimi nikatoka nje kwa sababu sikuweza kuwatazama wakicheka.

Wiki ile ile tulipanda treni ya kuelekea mashariki, kwenye hospitali moja ya misheni iliyojulikana kwa macho. Walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba tumekawia lakini ugonjwa unaondoka. Mama aliogopa vibaya sana. Aliniuliza mara kwa mara kama kisu kitakuja na yeye anakiona. Nilimjibu kwamba kama angekiona tusingekuwa pale, na akanipiga kibao cha bega, kidogo akatulia. Baada ya kupasuliwa alilazwa kwenye wodi ya wanawake waliofungwa bandeji, hakuna hata mmoja anayeona, na nilipomletea uji nilimkuta anawasimulia picha. Wote walikuwa wamemgeuzia masikio. Alikuwa amefika kwenye ndoto ya mama mkwe.

Alirudi Tabora na miwani nene kama vitako vya chupa, macho yamekuwa makubwa nyuma yake. Kitu cha kwanza alichofanya nyumbani ni kunisema kwa utando wa buibui uliokuwa darini, ambao kwa kweli ulikuwa wa siku nyingi. Cha pili alinishika kidevu akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Alinitazama muda mrefu. "Umekuwa mtu mzima," alisema, "na hakuna aliyeniambia."

Basi siku ya akina mama ikafika. Nilijaribu kumzuia. Wakati tukiwa hospitali kaboni za mzee zilikuwa zimekwisha, na safari hii hata ndugu hakupata. Skrini ilikuwa imechanika pembeni na kushonwa, na kushonwa vibaya. Nilimwambia, "Mama, pumzika kwanza, wataleta picha nzuri." Akavaa kanga zake za Idi.

Ilikuwa mbovu kuliko zote nilizowahi kuona pale. Mvua ilinyesha mpaka nyuso zikapotea. Rangi zilikuwa zimekwisha, vyote vimekuwa kahawia ya chai ya jana, na sauti ilizama na kuibuka. Akina mama walipiga kelele za utambi toka mwanzo, na wengine waliondoka na watoto wao kabla ya mapumziko. Waliobaki kwenye safu yetu walimwinamia mama. "Tuambie basi wewe, maana hatuoni kitu."

"Niacheni," mama akasema. "Niacheni nitazame."

Alikuwa amekaa mbele kabisa ya kiti chake, mikono imeshika kiti cha mbele. Mwanamke wa kahawia alishuka ngazi ndani ya mvua, na mama aliifuata kila ngazi. Machozi yalikuwa yanapita chini ya miwani na hakuyafuta, kwa sababu kuyafuta kungempotezea sekunde. Wakati fulani alinigusa. "Ana kovu hapa," alinong'ona, akigusa nyusi yake mwenyewe. "Huyu dada ana kovu. Miaka yote hii sikujua." Nilitazama. Mimi mwenye macho ya ujana sikuliona mpaka leo, na sitasema kwamba halikuwepo.

Mlangoni mzee alikuwa hajavaa tai. Alipotuona alianza kuomba radhi kabla hatujamfikia: mkanda ni mbovu, kaboni hakuna, anajua, ni aibu, akina mama wasikate tamaa.

"Kaka," mama akasema, "leo nimeona kila kitu."

Nililiona neno likimwingia vibaya. Alidhani mama anamsuta. Alitazama viatu vyake, na masikio yake yakawa mekundu. Mama akavua miwani akamwonyesha, kwenye kiganja, kama mtu anayeonyesha mzigo alionao. Akamwambia yote pale mlangoni, watu wakipita: bibi kule Sikonge, macho, siku ya mwanga mweupe na alichomwambia siku ile. "Haikuwa taa yako," alisema. "Nimekugombeza bure, wiki baada ya wiki. Nakuomba radhi, kaka yangu."

Mzee aliichukua miwani, akaitazama, akaifuta kwa leso yake pande zote mbili, polepole, akamrudishia.

"Hapana, mayo," alisema. "Taa nayo ilikuwa mbovu."

Mama akaivaa. Kisha akamwuliza wiki ijayo ataleta picha gani, na mzee akasema hajui, itategemea treni.